NYUMBA NJEMA SI MLANGO: LUGHA NA UTEUZI WA MAKAO YA WAZEE WALIOPOTEZA KUMBUKUMBU

Wahenga walipotuambia kuwa nyumba njema si mlango, walitutaka tufungue tuingie ndani kabla ya kuisifu. Methali hii tumeizoea tangu shule ya msingi, na aghalabu tumefunzwa kuieleza kwa mifano ya tabia za watu: kwamba uzuri wa sura si uzuri wa moyo. Makala haya yanairejesha kwenye maana yake ya wazi kabisa. Nyumba ninayoizungumzia ni makao ya wazee. Anayetakiwa kuingia ni mzazi, bibi au babu ambaye maradhi yamempokonya kumbukumbu. Na anayesimama mlangoni, akiwa na mfuko wa nguo mkononi na dukuduku moyoni, ni mmoja wetu.

Familia nyingi nchini Kenya hulijadili jambo hili kwa sauti ya chini. Maswali huwa mawili: je, tumpeleke? Na tukimpeleka, tumpeleke wapi? Maoni yangu ni kwamba swali la kwanza tumelirefusha mno na la pili tumelifupisha mno. Tunabishana miezi na miaka kuhusu aibu, kisha tukifikia kuchagua tunatazama vigae, bustani na bei, tukarudi nyumbani. Kigezo kilichostahili kutangulia hakitajwi: ni nani atakayezungumza na mzee huyu, na kwa lugha gani? Kwa kuwa jarida hili husomwa na watu ambao lugha ndiyo taaluma yao, nimeona hapa ndipo mahali mwafaka pa kulizungumzia.

Jina la maradhi

Hatuwezi kumchagulia mtu tiba wala makao iwapo hatujui anaugua nini. Magazeti yetu huyaita maradhi haya "ugonjwa wa kusahau." Jina hilo linaeleweka upesi, lakini lina kasoro moja: limechukua dalili moja likaifanya ugonjwa mzima. Kusahau ni mwanzo tu. Anayeugua dimenshia hupoteza pia uwezo wa kupima mambo, wa kutambua mahali na wakati, wa kufunga vifungo vya nguo, wa kutamka na kuelewa maneno, na hatimaye hata wa kumeza chakula. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii mwaka wa 2021, na kuwa zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Aina iliyoenea zaidi ni ile iliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka wa 1901 daktari huyo alimpokea hospitalini Frankfurt mwanamke mwenye umri wa miaka 51 ambaye akili yake ilikuwa ikivurugika. Mwanamke huyo alipofariki mwaka wa 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kukuta umeharibika kwa namna ambayo angeweza kuionyesha kwa macho. Mambo mawili yafaa tuyakumbuke katika kisa hicho. Haya ni maradhi ya ubongo, wala si adhabu. Tena si sehemu ya kawaida ya uzee, kwani miaka 51 si ukongwe.

Nalisisitiza hili kwa sababu mtaani tuna majina mengine. Husemwa mzee "amerukwa na akili," au "amekuwa mtoto." Kauli hii ya pili hutolewa kwa huruma, lakini inapotosha. Mtoto kila siku anajifunza neno jipya. Mgonjwa huyu kila siku anapokonywa moja. Mtoto hana historia ya kuvunjiwa heshima. Mgonjwa huyu ana miaka 80 ya kuitwa mama, mwalimu, haji au mzee wa kanisa. Anayemwona kuwa mtoto atamlisha kama mtoto, atamkaripia kama mtoto na kumvua nguo mbele za watu kama mtoto.

Lipo jina baya zaidi, nalo ni mchawi. Mkongwe anayetoka nje usiku wa manane, akitangatanga na kunena peke yake, akishindwa kueleza alikokuwa akienda, ameonyesha dalili zinazojulikana za dimenshia. Katika baadhi ya vijiji vyetu dalili hizo hizo ndizo ushahidi wa uchawi. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati kwa tuhuma hizo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi wamelazimika kuyahama makwao kwa kuhofia maisha yao. Sidai kwamba kila mmoja wao alikuwa mgonjwa. Ninalodai ni kwamba jamii isiyo na jina la ugonjwa hulijaza pengo hilo kwa jina la hatia, na mwenye kulilipia jina hilo ni mkongwe.

Hoja ya aibu

Wapinzani wa makao ya wazee hutuambia kuwa Mwafrika hamtupi mzazi wake, na kuwa nyumba hizo ni desturi ya Wazungu. Hoja hii ina uzito wake, nami siidharau. Imejengwa juu ya kumbukumbu ya nyumba pana, iliyojaa wana, wake wa wana, wajukuu na majirani, ambamo mzee hakukosa jicho la kumtazama. Mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja haukuwa ukimlea mkongwe.

Lakini na tujiulize: nyumba hiyo iko wapi leo? Wana wako Nairobi, Nakuru na Eldoret katika vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya nne. Mabinti wengine wako Riyadh na Doha wakifanya kazi za nyumbani. Wengine wako Uingereza na Marekani, na wengi wao huko hufanya kazi gani? Wanawatunza wazee katika makao ya wazee. Mwaka wa 2021 serikali yetu ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwawezesha wauguzi na wahudumu wa afya kutoka Kenya kuajiriwa huko. Basi desturi hii tunayoiita ya Wazungu inaendeshwa kwa mikono yetu, na pesa tunazotumiwa nyumbani kumnunulia mama dawa zimetokana na kumwosha mama wa mtu mwingine.

Huku nyumbani, mzigo humwangukia mtu mmoja. Aghalabu ni binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika, au ambaye kazi yake ndogo ilionekana haina thamani ya kuzuia wito. Yeye ndiye anayeamka mara tano usiku. Yeye ndiye anayetukanwa na mama aliyemzaa, kwa sababu mama hamtambui tena na anamdhania mwizi. Na ndugu zake wanaopiga simu siku ya Jumapili ndio wenye sauti kubwa zaidi kikaoni wanaposema, "Mama hapelekwi popote." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetaka kulinena neno aibu katika kikao hicho angalau angelala kwanza chumbani mwa mgonjwa kwa wiki moja.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 57, inasema kuwa wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada wa kadiri ifaayo kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Tuizingatie ile "na." Haikusema familia peke yake. Hata hivyo, mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa mwaka wa 2018 ili kuwafikia wenye umri wa miaka 70 na zaidi, malipo yake yalikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakitoshi kumnunulia mgonjwa wa aina hii nepi za mwezi mmoja. Yapo makao ya hisani, kama vile Nyumba ya Wazee ya Kasarani inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki, na Mji wa Huruma ulioko Runda, jijini Nairobi. Haya yalianzishwa hasa kwa ajili ya wazee maskini na wasio na wa kuwatunza. Familia isiyo fukara kabisa wala tajiri kabisa hubakia kuzitafuta nyumba za watu binafsi, na huko ndiko mlango unakoweza kumdanganya mtu.

Basi kumpeleka mzee si lazima kuwe kumtupa. Kumtupa ni kumpeleka bila kuuliza. Ndiyo maana nasema swali la pili ndilo lenye maadili ndani yake.

Ndoo na njoo

Wataalamu wa lugha na wa ubongo wamelibaini jambo moja ambalo kwetu wanafunzi wa isimu lingepaswa kuwa mada ya kudumu. Mgonjwa wa dimenshia aliyekuwa na lugha mbili au zaidi aghalabu hurejea katika lugha aliyoipata utotoni. Lugha alizojifunza ukubwani hulegea kabla ya ile ya kwanza. Nchi zilizopokea wahamiaji wengi zililitambua jambo hili mapema. Nchini Australia yapo makao ya wazee yaliyoanzishwa kwa ajili ya Wagiriki na Waitaliano. Mjini Toronto, Kanada, kituo cha Yee Hong kilifunguliwa mwaka wa 1994 ili wazee wa Kichina watunzwe kwa lugha yao na wale vyakula vyao. Wazee hao walikuwa wameishi ugenini kwa miaka mingi, na wengi wao walizijua lugha za huko. Maradhi yakawarudisha kwao kabla ya wao kurudi.

Kenya ina lugha zaidi ya 40, na mzee wa kawaida ana tatu kichwani mwake: ya mama, Kiswahili na Kiingereza. Mwalimu mstaafu aliyefundisha kwa Kiingereza kwa miaka 35 anaweza kuamka asubuhi moja akiwa na Kimaragoli peke yake. Akiwa katika nyumba ambamo mlezi wa usiku hakijui Kimaragoli, mzee huyo amekuwa bubu kwa siku moja.

Hapa ndipo sisi wapenzi wa Kiswahili tunapoweza kujidanganya. Tutasema: basi Kiswahili ndicho suluhisho, kwani kinaeleweka kote nchini. Nina sababu ya kulitilia shaka jibu hilo, na sababu yenyewe imetoka nyumbani kwetu.

Bibi yangu mzaa mama ni mzawa wa Mvita, na Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza na ya pekee. Alipoanza kupotea katika vichochoro vya mtaa aliozaliwa, mama mdogo aliacha biashara yake ya mahamri akamtunza kwa miaka minne, hadi shinikizo la damu lilipomlaza yeye mwenyewe. Wajomba, ambao wako Nairobi, walitafuta makao karibu nao. Walipata nyumba nzuri viungani mwa jiji: ua wenye nyasi, vyumba vyenye dirisha kubwa, muuguzi aliyesajiliwa. Ilikubaliwa akae kwanza majuma mawili ya majaribio. Mwishoni mwa juma la kwanza tuliambiwa kuwa ni msumbufu. Huita watu usiku kucha akidai ndoo, na akiletewa ndoo huisukuma na kulia.

Mama mdogo ndiye aliyelifumbua fumbo aliposimuliwa kwa simu. Bibi hakuwa akitaka ndoo. Alikuwa akisema "ndoo," yaani "njoo." Katika Kimvita, kama wasomaji wa jarida hili wajuavyo, penye "nj" ya Kiswahili sanifu aghalabu pana "nd": njaa ni ndaa, njia ni ndia, na njoo ni ndoo. Penye "ch" mara nyingi pana "t": macho ni mato, na mchele ni mtele. Mambo haya tunayafundishwa katika somo la lahaja, tunayajibia mtihani, tunayasahau. Kwa wiki nzima mkongwe mmoja alikuwa akiita mtu aje, na aliyemjia alimletea chombo cha plastiki. Alipouliza "ndia" i wapi, kwa kuwa alitaka kwenda kwao, mlezi aliyetoka Kirinyaga, ambako Ndia ni jina la eneo bunge, alimwuliza kama ana jamaa huko.

Walezi wale hawakuwa watu wabaya. Walizungumza naye Kiswahili, nao waliamini, kama ambavyo wengi wetu tungeamini, kuwa Kiswahili ni kimoja. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza. Fomu ya kumsajili mgonjwa ilikuwa na kurasa nyingi: presha, sukari, mzio, dini, jina la mlipaji. Nafasi ya lugha haikuwamo.

Kuna kejeli ya kihistoria katika jambo hili. Mkutano wa mwaka wa 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, badala ya Kimvita, ulifanyika Mombasa penyewe. Usanifishaji ulitupa vitabu, mitihani na taaluma hii tunayojivunia, na siukatai. Lakini sanifu ni lugha ya shule, na maradhi haya hufuta shule kwanza. Kinachobaki ni lugha ya jikoni, ya mkekani na ya mchezo wa utotoni. Mwanafunzi anayeiona lahaja kuwa kumbukumbu ya makavazi tu, na akumbuke kuwa kwa mtu mmoja kitandani ndiyo sauti pekee iliyosalia.

Maswali ya kuulizwa mlangoni

Baada ya majuma yale mawili familia ilianza kutafuta upya, na safari hii mama mdogo ndiye aliyeongoza. Yafuatayo ni maswali yaliyotokana na safari hiyo, pamoja na yale niliyoyapata kwa kusoma na kuuliza wanaojua. Nayatoa kwa mwenye kuyahitaji.

La kwanza ni la lugha, nalo liulizwe kuhusu mlezi wa usiku, wala si msimamizi wa ofisini. Msimamizi hupokea wageni. Mlezi wa usiku ndiye hupokea hofu. Wagonjwa wengi hutaabika zaidi jua linapotua, na wakati huo neno moja linaloeleweka huweza kufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi. Mwombe mlezi huyo azungumze na mzee mbele yako. Usisikilize maneno yake tu. Tazama uso wa mzee.

La pili, usiku huwa wako walezi wangapi kwa wazee wangapi? Mchana kila nyumba ina watu.

La tatu, mzee akitaka kutangatanga hufanywaje? Yako makao yanayomwachia ua uliozungushiwa ukuta atembee hadi achoke. Yako yanayomfunga kitini kwa leso. Na yako yanayomlaza kwa dawa. Hilo la mwisho liulizwe bila haya. Mwaka wa 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa zinazotumiwa kutibu wazimu huongeza hatari ya kifo zinapopewa wazee wenye dimenshia. Mzee aliyetulia mno saa nne asubuhi anafaa kuulizwa habari zake.

La nne ni la stara. Nani atamwosha? Je, mwanamke ataoshwa na mwanamke? Mlango hufungwa? Mwislamu atasaidiwa kutawadha na kusali hata kama amesahau idadi ya rakaa? Mkristo atasomewa na kuimbiwa nyimbo alizozoea? Ibada, nyimbo na maamkizi aliyoyapata mtu utotoni mara nyingi hukawia kupotea, na mwenye kuyaheshimu huwa amepata ufunguo wa kumfikia mgonjwa.

La tano, chakula. Si aina yake tu, bali namna ya kulisha. Mgonjwa anayeanza kushindwa kumeza huweza kupaliwa, na chakula kikaingia mapafuni. Fika wakati wa chakula cha mchana ukatazame iwapo mlezi ameketi, au anamlisha mzee akiwa amesimama huku akizungumza na simu.

La sita, je, naweza kuja bila kutoa taarifa? Nyumba inayojibu la imekwisha kukujibu na mengine.

La saba, ugonjwa ukizidi itakuwaje? Zipo nyumba zinazompokea mzee anayetembea, kisha humrudisha akishindwa kutembea. Yafaa ijulikane mapema ni hospitali ipi atapelekwa, ni nani atakayeitwa, na akifariki ni taratibu zipi zitafuatwa. Ni mazungumzo mazito, lakini yanafanyika vyema zaidi ofisini mchana kuliko kwa simu saa nane za usiku.

Bei nayo iulizwe, maana hakuna anayeweza kulipa asichokuwa nacho. Lakini iulizwe baada ya haya, ili mtu ajue ananunua nini.

Bibi sasa yuko katika nyumba ndogo ya mtu binafsi huko Pwani, yenye wazee wasiofika kumi. Lango lake limeshika kutu, na ua wake ni mchanga mtupu. Siku tuliyokwenda kuitazama, mlezi mmoja mtu mzima alimwambia, "Masalkheri, bibi," naye bibi akaitikia, akamwuliza habari za watoto, kisha za mume, kama alivyokuwa akiwauliza watu barazani kwake. Mlezi alijibu yote bila haraka. Bibi hajapona, kwani maradhi haya hayajapatiwa tiba ya kuyaponya. Mimi hanijui, na mama mdogo anamjua siku moja moja. Lakini akisema "ndoo," mtu huja.

Wajibu wa taaluma yetu

Mtu anaweza kuuliza: haya yote yanahusianaje na chama cha wanafunzi wa Kiswahili? Si ni kazi ya madaktari na serikali? Nadhani ipo sehemu ambayo hakuna daktari atakayetufanyia.

Kwanza, istilahi. Tumeunda istilahi za isimu, za fasihi na za kompyuta. Katika uwanja wa maradhi ya uzeeni tungali tunasema "kusahau" na kunyamaza. Istilahi ninazozitamani hapa si za kuwapendeza maprofesa. Ni maneno ambayo muuguzi wa zahanati ya Ganze au Marani anaweza kuyatumia mbele ya wanakijiji, ili aeleze kwamba mkongwe huyu ana ugonjwa wa ubongo, akaeleweka kabla umati haujakusanyika. Kazi hiyo inahitaji watu wanaoijua lugha na wanaokubali kuketi na wauguzi.

Pili, lahaja. Kila mwaka wanafunzi wetu hupelekwa nyanjani kukusanya msamiati wa uvuvi, wa harusi, wa ngoma. Ni vyema. Lakini nani amekusanya msamiati wa ulezi? Maneno ya njaa, kiu, maumivu, choo, baridi, hofu, kuitwa na kutaka kwenda nyumbani, katika Kimvita, Kiamu, Kitikuu, Kivumba, na pia katika Kigiriama, Kikamba, Kigikuyu, Kiluhya na Kijaluo. Ukurasa mmoja kwa kila lugha, uliobandikwa ukutani karibu na kitanda, ungemfaa mlezi. Familia nayo, siku ya kumpeleka mzee, ingeweza kuandika wake: anaitwaje akiitwa kwa upendo, anaposema hivi ana maana gani, ni dua au wimbo gani humtuliza. Kazi hiyo haihitaji ufadhili. Inahitaji daftari na jioni moja.

Tatu, fasihi. Katika hadithi tulizozizoea, mzee aghalabu ni kisima cha hekima: hutoa wosia, hufumbua fumbo, hukata shauri. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Je, mzee ambaye neno lenyewe limemharibikia atapata wapi nafasi? Tunahitaji riwaya na tamthilia zitakazomwonyesha akiwa mtu kamili hata pale ambapo hana wosia wa kutoa. Mzee hastahili heshima kwa sababu anakumbuka. Ingekuwa hivyo, heshima yetu ingekuwa ujira tu wa hekima yake, na siku hekima inapokwisha, ujira ungekoma.

Watakaosoma makala haya wengi wao ni vijana, na huenda wengine wakaona kuwa jambo hili bado liko mbali. Haliko mbali. Waliokuwa watu wazima tulipokuwa watoto sasa ni wazee, na kikao cha familia kitaitishwa. Katika kikao hicho mwanafunzi wa Kiswahili hataulizwa kuhusu fedha, kwani inajulikana hana. Basi na atumie nafasi yake kuuliza lile ambalo wengine hawatalikumbuka: huko tunakompeleka, akiita, nani atamwelewa? Asikubali kuonyeshwa bustani kabla ya kulijibiwa.